Maswali Yenu: Mume Wangu Karudi Misheni, Lakini Bado Yuko Lindoni

Assalaam alaykum wasomaji wetu wa Unguja na Pemba na mlio mbali. Toleo lililopita nilijibu barua moja fupi ya mke wa askari, nikadhani yameisha, kumbe nimefungua mlango. Barua zimefululiza, na karibu zote zinaanza na "naomba usinitaje jina". Simtaji mtu. Mwezi huu ukurasa wote nimewaachia askari na watu wa majumbani mwao, na kwa wasionijua, mimi nimekuwa muuguzi wa magonjwa ya akili miaka mingi, sasa nimestaafu, kwa hiyo nnayoyasema haya nimeyaona kwa macho.

Swali: Ni jini au ni maradhi?

Bi Muuguzi, mimi ni mke wa askari, nipo Wete, tuna watoto watatu. Mume wangu alikwenda Kongo kwenye ulinzi wa amani akakaa mwaka mzima, karudi salama hana hata kovu, tukachinja mbuzi tukasoma maulidi. Miezi ya mwanzo alikuwa kimya tu, nikasema kachoka. Sasa ni mwaka wa pili, halali. Nyumba yetu ya bati na pembeni pana muembe, embe ikidondoka usiku juu ya bati basi keshatunyanyua sote tulale chini sakafuni, mpaka akubali kuwa ni embe alfajiri ishaadhiniwa. Sokoni haendi. Mtoto wa mwisho akilia yeye anatoka, anakwenda kukaa shamba peke yake kwenye mikarafuu mpaka magharibi. Usiku wa fashifashi za Mapinduzi tulimtafuta hadi asubuhi. Mama mkwe anasema kakamatwa na jini huko misituni, keshanyweshwa makombe mara nne, na fundi mmoja alitaka afungwe kamba nikakataa, sasa naitwa mke mbaya. Mwenyewe hospitali hataki kuisikia, anasema ikiandikwa "akili" kwenye faili langu kazi imekwisha. Jee huyu ana jini au anaumwa? Na mimi nifanye nini, maana nimechoka mpaka chumvi kwenye mchuzi naitia mara mbili.

Jibu

Mwanangu, kwanza kwa zile kamba ulifanya vizuri sana, na anaekuita mke mbaya mwache aseme. Mtu anaeamka usiku akiona anashambuliwa, ukimfunga kamba na kumpiga unamthibitishia kwamba kweli kashambuliwa.

Anaumwa. Na maradhi yake yanajulikana, madaktari wanayaita PTSD, kwa Kiswahili tunasema kiwewe, au msongo unaobaki baada ya tukio la kutisha. Mimi wagonjwa wangu askari nilikuwa nawaelezea kwa neno lao wenyewe, lindo. Askari akiwa lindoni halali, anasikiliza kila jani, kidole kipo tayari, na akisikia kishindo hangoji kufikiri, analala chini kwanza halafu ndio afikiri, na ndio maana akarudi hai. Sasa zamu ikiisha huja mwenziwe akampokea. Mumeo kwa miguu yake karudi Wete lakini mwili wake haujapokelewa zamu, bado uko lindoni. Embe ikigonga bati, ile kengele ya hatari iliyomo kichwani inalia kabla akili haijapata nafasi ya kusema hii ni embe. Yani hafanyi makusudi, na wala si muoga, mwoga hangewafunika watoto yeye mwenyewe akabaki juu.

Wala hayakuanza Kongo. Mwaka 1915 daktari wa Uingereza Charles Myers aliandika juu ya askari waliokuwa wanatolewa kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, wengine hawaoni vizuri, hawalali, kumbukumbu zimepotea, na hawana jeraha, ikaitwa shell shock, wakidhani ni mshindo wa mabomu umetikisa ubongo. Wapo walioambiwa ni waoga. Jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake wenyewe kwa kosa la kutoroka na woga, na imefika mwaka 2006 ndio 306 kati yao wakasamehewa, wakati huo wameshakuwa mifupa. Hili jina la PTSD limeingia kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya askari waliotoka Vietnam na madaktari waliosimama nao kupiga kelele miaka. Hawa hawakutoka kwenye misitu yetu na majini yetu hawayajui, lakini walichokuwa nacho ni hichihichi cha mumeo.

Kuhusu makombe, mimi ni Muislamu kama wewe, sikatazi dua na sikatazi Qur'an, mtu akisomewa na moyo ukatulia alhamdulillah. Lakini Mtume SAW ametuhimiza tujitibu, akatwambia hayakuteremshwa maradhi ila na dawa yake imeteremshwa. Mama mkwe usigombane nae, mwambie hivi, mama wewe endelea na dua na mimi nampeleka hospitali, na mwambie na hili ukiweza kwa upole, kwamba kila mwezi anaozungushwa kwa mafundi ni mwezi mwengine mwanawe halali.

Dalili za mumeo zinakusanyika hivi, na msome wote maana wengi mnajiona humu. Kuna kurudi kwa tukio, ndoto mbaya, picha zinamjia mchana kama anatazama sinema asiyoitaka. Kuna kukwepa, sokoni kwenye watu haendi, habari za huko hataki kuulizwa. Kuna kubadilika moyo, hacheki, anajiona hafai, anajilaumu kwanini fulani kafa yeye kapona. Na kuna huo ulinzi wa saa ishirini na nne, kushtuka, hasira za karibu, usingizi wa paka. Siku chache baada ya balaa mtu yoyote huwa hivo na wengi hupoa wenyewe, lakini ikipita mwezi mmoja na inamuharibia kazi na nyumba, hapo ni maradhi ya kutibiwa. Nyinyi mko mwaka wa pili.

Na yanatibika, hili nakwambia kwa sauti. Tiba kubwa ni ya mazungumzo, anakaa na mtaalamu aliyesomea kiwewe, kidogo kidogo analisimulia lile tukio na kuzikaribia zile anazozikimbia, kwa mpango, mpaka kumbukumbu inageuka kuwa jambo lililopita badala ya jambo linalotokea sasa hivi. Mara nyingi ni vikao vinane mpaka kumi na sita, sio umri mzima. Iko na nyengine inaitwa EMDR, mgonjwa anakumbuka huku macho yake yanafuata mkono wa mtaalamu kulia na kushoto, ukiisikia utaona kama mchezo lakini imepimwa na inasaidia. Na dawa zipo, kama sertraline au fluoxetine, hizi hazifanyi kazi siku ya pili, zinataka wiki nne mpaka sita, na hapa ndipo watu wengi wanaharibu, anakunywa wiki moja anaona hakuna kitu anazitupa. Asianze wala asiache bila ya daktari.

Wapi? Hapo ulipo anzia hospitali ya Wete, au nenda Chake Chake, au Abdalla Mzee Mkoani, uliza huduma ya afya ya akili, usione haya kulitamka. Unguja kuna Kidongo Chekundu, hospitali ya magonjwa ya akili, na kwa askari kuna Hospitali ya Jeshi Bububu. Najua jina la Kidongo Chekundu kwetu limegeuzwa tusi, watoto wanatukanana nalo skuli, na limenikera umri wangu wote wa kazi kwa sababu nimewaona walioingia pale wanashikiliwa na watu wawili na wakatoka wanakwenda na miguu yao kwenye kazi zao.

Sasa hofu ya faili, hii ndio inayowaua kimyakimya kwa hiyo nitaisema kidogo kwa urefu. Daktari ana wajibu wa siri, anachoambiwa chumbani hakipeleki maskani, isipokuwa pale maisha ya mtu yapo hatarini. Lakini tazama na upande wa pili. Anaekwenda mapema anakwenda yeye mwenyewe, anaeleza kwa maneno yake, anatibiwa na huku anafanya kazi. Anaengoja mpaka siku moja amvae mwenziwe mbele ya kikosi au apatwe na kizaazaa akiwa na silaha mkononi, faili lake wataliandika wengine, na hawataandika kwa upole. Mwambie hivo. Na kama wewe hakusikii, tafuta mmoja aliyekuwa nae misheni hiyo hiyo, askari humsikiliza askari, huenda na huyo mwenziwe nae halali anangoja mtu wa kuanza.

Nyumbani mfanye hivi. Akipiga kelele ndotoni usimtikise na usimuinamie, washa taa, simama mbali kidogo upande wa miguuni, mwite jina lake, mwambie "uko Wete, mimi mkeo, saa nane usiku, watoto wamelala". Tawi la muembe lililolalia bati likateni, hilo halina ubishi, usingizi ni dawa. Lakini sio kila kitu mkiondoe, maana akizidi kukwepa maradhi yanazidi kunenepa, kwa hiyo sokoni aende, wiki hii asubuhi na mapema kabla hapajajaa, nawe pembeni, dakika kumi, wiki ijayo robo saa. Fashifashi mwambieni kabla, siku na saa, na kama usiku ule anataka kulala shamba basi aende na mtu na simu, hakuna aibu. Watoto waambieni ukweli wa kiasi chao, baba anaumwa usingizi, hajakasirika na nyinyi. Mtoto asipoambiwa hujitungia mwenyewe kwamba kosa lake.

Mawili ya mwisho na haya ni mazito. Akisema maneno kama "bora mngenizika huko huko", usimwambie astaghfirullah ukaishia hapo. Muulize wazi, unafikiria kujiua? Kuuliza hakumtii wazo kichwani, kunamfungulia mlango. Akisema ndio, asibaki peke yake hata dakika, vidonge na dawa za shamba fungieni, na muende hospitali usiku huohuo. La pili, akinyanyua mkono kukupiga wewe au watoto, toka, nenda kwenu, na ukiumizwa kwenye hospitali zetu kuna vituo vya Mkono kwa Mkono, vya kuwasaidia waliofanyiwa ukatili. Nimesema haya ni maradhi, sijasema maradhi ni ruhusa.

Na wewe mwenyewe, hiyo chumvi mara mbili sio uzembe. Unakesha nae, na wewe umeingizwa lindoni bila kupewa kombati. Siku utakayompeleka yeye jiandikishe na wewe.

Swali: Vidonge vya usingizi

Shikamoo mama. Mimi askari kijana, nipo Unguja, niliwahi kuwa nje ya nchi na kikosi, yaliyotokea huko sitaki kuyaandika. Usingizi ulikuwa haupatikani, mshkaji akanielekeza Valium, nanunua tu famasi bila cheti. Mwanzo kimoja kilinitosha, sasa natumia vitatu na wikiendi naongeza na bia. Nikikosa natetemeka mikono. Nikiacha ghafla kuna shida? Kazini hawajui.

Jibu

Marahaba mwanangu. Ndio kuna shida, tena kubwa, kwa hiyo usiache ghafla. Diazepam, ambayo ndio hiyo Valium, mwili huizoea upesi, leo kimoja kesho viwili, na ukiikata mara moja baada ya kuizoea unaweza kupata kifafa. Inapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa chini ya daktari, na wengi wanamaliza. Kutetemeka kwako ni mwili unadai.

Bia na vidonge hivyo pamoja ndio kinachonitia hofu zaidi. Vyote viwili vinapunguza pumzi, mtu analala na haamki, na huwa hakukusudia hata kidogo. Acha huo mchanganyiko leo usingoje miadi. Ila kama bia ni ya kila siku, nayo usiikate peke yako, mwambie daktari kiasi unachokunywa bila kupunguza hesabu, maana nayo ina mtetemo wake.

Na vidonge hivyo havikutibu kitu, vimefunika tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 umesema dawa za jamii hii wasipewe watu waliotoka kupatwa na tukio la kutisha kwa ajili ya dalili zake katika mwezi wa kwanza, manake hazisaidii na zina madhara. Mshkaji wako alikupa alichokijua, simlaumu, lakini muuza duka anaekupa bila ya cheti namlaumu waziwazi.

Soma jibu la juu kuhusu faili, ni lako na wewe. Ukiona uzito kuanzia hospitali ya jeshi, ingia ya kiraia, kaa foleni kama mtu mwengine, useme sentensi moja tu: silali, na nimezoea Valium. Yale usiyotaka kuyaandika hutolazimishwa kuyasema siku ya kwanza.

Swali: Baba alipigana Kagera, mbona yameanza sasa?

Baba yetu ana miaka 69, alipigana vita vya Kagera, alikuwa kijana mdogo. Umri wote tumemjua ni mtu madhubuti. Tokea kustaafu na mama kufariki mwaka jana, usiku anaita majina ya watu tusiowajua, na anafunga milango mara tatu tatu. Ni uzee umeingia kichwani?

Jibu

Huenda ukawa uzee na huenda usiwe, kwa hiyo apimwe na daktari, kumbukumbu yake, sukari, presha, na dawa anazotumia. Lakini hayo majina msiyoyajua yananiambia kitu. Vita vile vilianza Oktoba 1978, na Kampala ikachukuliwa Aprili 11, 1979, waliorudi wakapokewa kwa shangwe, halafu kila mtu akarudi kwenye kazi yake na hakuna aliyewauliza mnalalaje. Kazi humfunika mtu, mke humfunika mtu. Vikiondoka viwili hivyo, kilichofunikwa kinatoka, hata baada ya miaka arubaini na zaidi, na hili madaktari wanalijua vizuri.

Mjomba wangu alirudi kutoka huko huko. Miaka yote alikuwa analala kwenye baraza ya nyumba, mgongo kaukaza ukutani, redio sikioni, watoto tukaambiwa mjomba anapenda upepo. Mimi nikaja kusomea kazi hii, nikauguza watu baki, na mjomba kafa sijawahi kumuuliza hata siku moja. Mpaka leo inaniuma.

Muulizeni baba mchana, kwa chai, peke yenu sio mbele ya wajukuu: baba, fulani unaemwita usiku alikuwa nani? Akitaka kusema mkae kitako mumsikilize msimkate, asipotaka muache mlango wazi. Tiba ile ile niliyoieleza juu inamfaa na yeye, umri haumzuii.

Swali: Mama hataki tumtaje baba

Naitwa sitaki kutajwa, nipo kidato cha tatu. Baba alikuwa askari, alifia nje ya nchi kazini. Alizikwa kwa heshima, watu wengi, viongozi walikuja. Sasa mama picha zake zote kazitia kabatini na tukimtaja baba anaondoka. Mdogo wangu wa miaka saba anauliza baba anarudi lini. Mimi darasani namuona baba kwenye dirisha. Nina wazimu?

Jibu

Huna wazimu mwanangu. Aliyefiwa kumuona au kumsikia aliyemfia ni jambo la kawaida sana, watu hawalisemi tu. Ila kama husomi, huli, huoni tena raha ya kitu chochote kwa wiki nyingi, au unatamani umfuate baba, mwambie mwalimu unaemuamini leo, akupeleke kwa mshauri nasaha au hospitali.

Nchi yetu imewazika walinzi wa amani wengi. Julai 13, 2013 Darfur waliuawa saba siku moja. Desemba 7, 2017 kule Semuliki, mashariki ya Kongo, kambi ilivamiwa usiku na wengi wa waliokufa walikuwa vijana wa Tanzania. Tunawalilia, bendera zinashushwa nusu mlingoti, halafu hitma inasomwa na watu wanaondoka. Mama yako alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, nyumba imejaa, kila siku sinia linaletwa, siku ilipokwisha kila mtu akadhani na huzuni imekwisha, na ndio kwanza ilikuwa inaanza. Hakuficha picha kwa sababu hampendi baba. Hajiwezi akiziona.

Kwa hiyo usimshike kwa mabishano. Mwandikie barua, kama ulivyoniandikia mimi, umwambie unamkumbuka baba na unaogopa kumsahau sauti yake, na unaomba mmtaje japo siku moja kwa wiki, baada ya Ijumaa, muombe dua na kila mtu aseme kitu kimoja anachokikumbuka. Kama mama hata hilo hawezi, au siku nzima yuko kitandani, mwambie shangazi au bibi ampeleke hospitali, nae ni mgonjwa anaestahiki tiba kama askari yoyote.

Na mdogo wako aambiwe kwamba baba amekufa. Sio amesafiri, sio amelala, maana mtoto wa miaka saba ukimwambia baba kalala ataogopa kulala, na ukimwambia kasafiri kila gari ya jeshi ikipita atakimbilia mlangoni. Mwambieni amefariki, mwili wake haufanyi kazi tena, harudi, na tunamuombea. Atauliza tena kesho, na keshokutwa. Mumjibu vile vile kila mara, na mumuache achague picha moja ya baba aiweke karibu na kitanda chake.